Nani Anafaidi Kipupwe?

Tangu 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki anayeingia Maasai Mara hutozwa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Kaunti ya Narok haikupanga bei hiyo kwa kubahatisha. Julai ndipo nyumbu wanapoanza kufika kutoka Serengeti, njia zimekauka, na ubaridi wa asubuhi humwacha simba atembeetembee hata jua likishapanda. Ulaya na Marekani shule zimefungwa. Kambi na hoteli hujaa. Mwendo wa saa tano au sita kwa gari kutoka hapo, mkazi wa Nairobi amefunga dirisha, amevaa soksi juu ya soksi, anaisubiri Septemba. Miezi ileile ambayo mgeni anailipia maradufu, mwenyeji anaiona adhabu.

Si kila mwenyeji, lakini. Nenda Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, mwezi Juni, au vuka maji mpaka Makunduchi, Unguja, mwezi Julai, utakuta watu ambao mwaka mzima walikuwa wakiingojea miezi hii. Wanakula vizuri kuliko wakati mwingine wowote, wanacheza, wanashindana, wanaoa na kuozesha. Ndiyo maana swali la raha za msimu wa baridi katika nchi zetu haliwezi kujibiwa kwa kutazama kipimajoto. Ninavyoona mimi, baridi yenyewe ina mchango mdogo. Kipupwe huwa na raha pale mambo matatu yanapokutana: pesa ya mavuno imeingia mkononi, barabara na viwanja vimekauka, na watu wamepata mwanya wa kuacha kazi au shule. Yakikosekana yote matatu, kinachobaki ni ubaridi mtupu na mafua.

Tuanze na upepo, maana ndio unaoleta yote. Upepo wa kusi huanza kuvuma karibu na Aprili, ukaleta masika, kisha Juni hadi Agosti hukaza na kuwa mkavu zaidi. Dar es Salaam joto la usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19, kiwango ambacho mtu wa Njombe angekipokea kwa shukrani saa sita mchana. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hupata usiku wa nyuzi 11 au 12, na mchana haupandi sana kupita 22. Ila kinachowachosha watu wa Nairobi ni wingu. Hewa yenye unyevu kutoka baharini husukumwa juu ya miinuko ya mashariki, ikapoa, ikatanda chini chini, na jua likafichika hata siku tatu nne mfululizo. Nguo hazikauki. Njombe na Makete hali ni kinyume: usiku anga huwa wazi kabisa, ardhi ikapoteza joto lote, na alfajiri majani huamka yana barafu nyeupe. Chai na viazi huungua kwa baridi hiyo. Lakini saa nne jua linawaka, mtu anavua koti na kwenda zake shambani au sokoni. Kwa hiyo hata baridi zetu hazifanani. Kuna baridi ya wingu na kuna baridi ya anga tupu, na hii ya pili, japo ni kali zaidi kwa vipimo, inamwachia mtu mchana wake.

Usukumani hakuna baridi ya kutajwa, lakini hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi jinsi msimu huu unavyofanya kazi. Mavuno ya mpunga na mahindi yameingia ndani, pamba inauzwa, ng'ombe bado wana mafuta ya majani ya masika. Jembe limewekwa pembeni hadi mvua za mwisho wa mwaka. Hapo ndipo mbina, mashindano ya ngoma, huanza. Sherehe ya Bulabo, inayofungamana na sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi, hufanyika Juni, na uwanja wake mashuhuri ni Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa chini ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wanaoshindana ni pande mbili kongwe za ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo asili yao inarudi hadi kwa waganga wawili wa karne ya 19.

Namna ya kuamua mshindi inastahili kutazamwa kwa karibu. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na ngoma zote mbili hulia pamoja. Hakuna zamu. Mtazamaji yuko huru kusimama atakako, na anaweza kuhama. Kikundi kinachovuta umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo mchezaji hashindani na mwenzake peke yake, anashindana pia na miguu ya watazamaji, na humo ndimo zinamotoka mbinu zote: majembe yanayorushwa hewani na kudakwa katika bugobogobo, nyoka wakubwa wanaotolewa kwenye masanduku, vinyago, vichekesho vya papo kwa papo, na dawa ambazo kila kundi hufunga mapema ili kuvuta watu na kuwafukuza wa upande wa pili. Fimbo inapopigwa chini na vumbi kupanda, utaona kundi la watoto likikimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, wakubwa wakifuata polepole kana kwamba hawana haraka. Kwa masikio ya mgeni ni kelele tupu. Kwa mwenyeji ni kura inayopigwa kwa miguu, na matokeo yake yanaonekana kwa macho.

Shughuli kama hiyo haiwezekani Machi. Uwanja ungekuwa tope, wachezaji wangekuwa wanapalilia, na wakwe wasingekuwa na nafaka ya kulisha wageni. Ukiondoa mavuno na ukavu, Bulabo inabaki ibada ya kanisani. Na ndivyo ilivyo kwa sherehe nyingine nyingi za kipindi hiki: jando na unyago huko Mtwara na Lindi baada ya mavuno, tohara ya Wabukusu magharibi mwa Kenya na imbalu ya Wagisu kule Mbale, Uganda, ambazo hufika kilele chake Agosti ya miaka isiyo witiri. Kila moja ina maana yake nzito, nje ya mada hii. Ninachotaka kionekane ni kwamba zote zimesimama juu ya ghala lililojaa.

Makunduchi kuna jambo la ajabu kidogo. Mwaka Kogwa, sherehe ya kufungua mwaka wa Nairuzi, huangukia Julai, lakini haukuwekwa Julai na mtu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne kama kalenda ya Kizungu, kwa hiyo hurudi nyuma taratibu. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa ukiangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa uko kwenye wiki ya tatu au ya nne ya Julai, katikati ya kipupwe hasa, na ukiachwa hivyo utaendelea kurudi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka hasira za mwaka ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba nyimbo za mafumbo, kisha watu hula. Kula huko ndiko kunakonivutia. Kwa desturi ya hapo, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imekosa baraka, kwa hiyo mpita njia huvutwa mkono aingie ndani. Hapauzwi tiketi. Hapo kipupwe kinamfaidisha hata asiye na kitu.

Jikoni nako kuna mengi, na ni huko baridi inakoanza kuwa na neno lake. Chakula cha msimu huu nyanda za juu ni chakula cha moto mrefu. Makande upande wa Tanzania na githeri upande wa Kenya ni chungu kilekile: mahindi na maharage yanayotaka saa nyingi mpaka yalainike. Mtori wa Uchagani hutaka ndizi zichemke na mifupa hadi ziweze kupondwa zikawa uji mzito. Makongoro ndiyo yasiyo na mchezo kabisa. Ukishuka kwenye basi alfajiri pale Makambako, ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na ile ya Mbeya, utaona sufuria ambazo zimekaa motoni tangu jana. Miguu ya ng'ombe imebabuliwa manyoya, ikakwanguliwa kwa kisu, ikapasuliwa kwenye viungo na kuchemshwa usiku kucha kwa chumvi, tangawizi na vitunguu, basi. Muuzaji akikumiminia bakuli, mchuzi unanata kwenye midomo. Ukichelewa kuunywa, unaanza kuganda pembeni mwa bakuli kwa ubaridi, na mama atakutazama kwa jicho la kukuuliza umekuja kula au kupiga soga. Limao, pilipili mbuzi iliyopondwa, chapati mbili. Dereva hunywa amesimama.

Chakula cha aina hii kilikuwa na hesabu yake. Moto uliopika makande ndio uliopasha nyumba, kwa hiyo kuni zilifanya kazi mbili kwa gharama ya moja. Mjini hesabu hiyo imevunjika. Gesi inapika upesi na kuzimwa, nyumba inabaki baridi. Ndipo watu wanapoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Kila msimu wa baridi, Kenya na Tanzania, familia hukutwa zimekufa kwa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala haionekani. Makaa yakishaacha kutoa moshi, watu hudhani hatari imekwisha, kumbe bado ipo. Nalitaja hapa kwa sababu mazungumzo ya vyakula vya msimu wa baridi hupenda kuishia kwenye utamu.

Mahindi ya kuchoma yanahitaji moto mfupi tu, na pengine ndiyo maana yameshika barabara. Kuanzia Limuru mpaka kwenye vituo vya matatu katikati ya Nairobi, mchomaji ana karai la makaa, wavu, na kipande cha kadibodi cha kupepea. Mahindi huwa yamekomaa kiasi cha kupasuka mdomoni lakini hayajakauka. Akishakuchagulia, hukata ndimu, akaichovya kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili, na kukukabidhi uipake mwenyewe. Unapata moto wa kushika mikononi na kitu cha kutafuna mpaka gari lijae. Karibu naye hukosi mtu wa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, anayekata vipande juu ya ubao uliozungukwa na wanaume waliosimama bega kwa bega. Uji wa wimbi, chai ya maziwa yenye tangawizi, mayai ya kuchemsha. Nairobi hula barabarani zaidi majira haya kuliko inavyokiri.

Pwani ni kinyume. Kipupwe ni wakati wa machungwa ya Muheza, yanayopangwa kwa mafungu mpaka Dar es Salaam, lakini samaki huadimika. Bahari inachafuka, na mvuvi wa ngalawa hathubutu kwenda mbali kama anavyokwenda wakati wa kaskazi. Bei ya changu inapanda palepale hoteli za ufukweni zinapojaa wageni. Muuza madafu naye analalamika, na muuza kahawa anayetembea na birika lake na kashata jioni anafurahi. Mtu akiniuliza kama kipupwe ni kizuri au kibaya kwa biashara ya chakula, ningemwuliza kwanza yeye anauza nini.

Hapo Paje, mashariki mwa Unguja, mgongano huu unaonekana kwa macho. Upepo uleule unaomzuia mvuvi kwenda nje ya mwamba ndio unaomleta kijana wa Kizungu na tiara lake kubwa na ubao wa kuteleza juu ya maji. Kusi linavuma bila kukatikakatika kuanzia Juni hadi Septemba, maji ni ya kina kifupi, na shule za mchezo huo zimejipanga ufukweni. Maji hayohayo yakipwa ni mashamba ya mwani ya kina mama, yenye vigingi na kamba. Mchezo mmoja, upepo mmoja, maji mamoja, na faida zinakwenda kwa watu watatu kwa viwango ambavyo havikaribiani. Mimi siuoni mchezo wenyewe kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mvuvi, ambaye kipupwe kinamsimamisha kazi, hapewi nafasi rahisi ya kupata riziki kutoka kwenye upepo uliomsimamisha.

Michezo ya nchi kavu inafuata sheria nyingine, na sheria hiyo imeandikwa Uingereza. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Agosti ligi kubwa za Ulaya ziko mapumziko. Vibanda umiza, ambavyo miezi tisa hujaza vijana kwenye mabenchi ya mbao kutazama Arsenal na Manchester, hukosa cha kuonyesha, isipokuwa mwaka wa mashindano makubwa kama Kombe la Dunia. Ligi za hapa nazo kwa kawaida zinakuwa zimefika ukingoni. Ndipo ndondo, mashindano ya mtaani, zinaposhamiri. Viwanja vya mchanga na vumbi vya Dar es Salaam, ambavyo masika viligeuka madimbwi, vimekauka. Saa kumi jioni jua halichomi, kwa hiyo mechi haihitaji taa wala jukwaa lenye kivuli. Mchezaji wa ligi kuu aliye likizoni anaonekana akichezea mtaa wake, zawadi ni jezi, pesa kidogo au mbuzi, na watu wanasimama kwenye mstari wa uwanja mpaka refa anawarudisha nyuma kwa filimbi. Wachambuzi wa soka wamezoea kulaumu televisheni ya kigeni kwa kuua mpira wa mtaani. Miezi hii mitatu ni ushahidi kwamba mpira huo haujafa. Unapisha tu.

Kwa kawaida Agosti huanza kwa klabu za Simba na Yanga kurudi. Simba Day kwa miaka mingi ilikuwa Agosti 8, sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, na Yanga wakajibu kwa Wiki ya Mwananchi. Ukiyatazama juu juu ni matamasha ya kutambulisha wachezaji wapya na kuuza jezi. Ukiyatazama vizuri ni karamu za baada ya mavuno zilizohamia mjini: ngoma, wasanii, sare mpya, mabasi kutoka mikoani yaliyojaa watu ambao mwezi mmoja tu baadaye wasingekuwa na nauli. Uwanja wa Benjamin Mkapa hubeba watu 60,000, na ukijaa siku hiyo, mechi yenyewe ya kirafiki inakuwa jambo dogo. Maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane, kwa upande wake, yamegeuka mahali pa familia kula chipsi na kuku, kumpandisha mtoto kwenye bembea na kumwonyesha ng'ombe wa maziwa. Zile mashine za kilimo husubiri wateja wengine.

Kwa upande wa Kenya, raga ya wachezaji saba huzunguka miji katika miezi hii: Prinsloo ya Nakuru, Dala ya Kisumu, Driftwood ya Mombasa, Christie ya Nairobi, na Kabeberi. Sehemu kubwa ya wanaojaza viwanja hivyo hawajui kwa nini mwamuzi amepuliza kipenga, na hawajali. Wamefuata safari ya kutoka mjini, nyama, muziki na marafiki. Raga ndiyo kisingizio, na kisingizio kizuri, kwa sababu kinapeleka pesa za Nairobi kwenye mahoteli ya miji mingine wikendi baada ya wikendi.

Safari Rally ilikuwa kisingizio kikubwa zaidi. Mashindano hayo yalianza 1953, yakatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021 kule Naivasha, mwezi Juni. Kwa miaka mitatu Naivasha ikawa jibu la Nairobi kwa baridi: vumbi laini la kufikia magoti, mahema, nyama inayochomwa kando ya njia, vijana waliovaa makoti mazito wakisubiri gari lipite kwa sekunde nne. Kisha 2024 yakahamishiwa Machi, kufuata mazoea ya zamani ya Pasaka. Kwa historia ya mashindano uamuzi huo una mantiki yake, na tope ndilo lililoyapa sifa. Kwa kalenda ya starehe ya Kenya ulikuwa pigo, kwa sababu Pasaka haikukosa shughuli. Juni ndiyo iliyokosa.

Hapo ndipo nafika kwa Nairobi yenyewe, na kwa nini baridi yake inauma kuliko nyuzi zake. Hesabu yale mambo matatu. Mavuno: Nairobi haivuni, na mahindi mengi ya Bonde la Ufa huingia ghalani kuanzia Oktoba, kwa hiyo Julai hata nduguye aliye kijijini hana cha kumtumia. Ukavu: mvua hakuna, ila manyunyu na wingu vinatosha kuharibu jioni. Likizo: muhula wa pili wa shule hukaza mpaka mwanzoni mwa Agosti, na ada yake imekwisha kunyonya mshahara. Tanzania shule nyingi hufungwa Juni, watoto wakapelekwa kwa bibi wakati mavuno yako uani. Kenya mtoto wa umri uleule yuko darasani na sweta. Nisingeshangaa kama tofauti hiyo moja ya ratiba ingeeleza kwa nini Mtanzania hukumbuka kipupwe kwa utamu na mtu wa Nairobi hukikumbuka kwa kikohozi.

Hata hivyo jiji limejitafutia njia zake. Kenyatta Market watu bado wanajipanga kwa nyama choma kati ya vibanda vya wasusi. Kamakis, kwenye barabara ya mchepuko ya mashariki, imekua ikawa mtaa mzima wa majiko. Wenye gari huenda Kikopey karibu na Gilgil, ambako mbuzi huchomwa tangu asubuhi na kuletwa juu ya ubao na kachumbari. Arusha wana Kwa Mrombo yao. Nyama choma ni mlo wa mwaka mzima, lakini Juni ina sababu ya ziada: mifugo imetoka kula majani mabichi ya masika na bado haijakonda. Anayengoja Desemba kula mbuzi anamla kwa bei ya sikukuu.

Desemba ndiyo mpinzani mkubwa wa kipupwe. Bonasi, Krismasi, safari za kwenda kijijini, matamasha makubwa, yote yamelundikwa kwenye mwezi ambao pwani ni tanuri na barabara za bara zimeanza kunyeshewa. Zanzibar wamegawanya vizuri zaidi: tamasha la muziki la Sauti za Busara, tangu 2004, ni la Februari, na tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, hufanyika kati ya Juni na Agosti. Filamu zikionyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, hewa ni ya kukaa nje kwa saa tatu bila kujipepea, na Forodhani ni hatua chache kwa mwenye njaa ya urojo na mishkaki. Waliochagua miezi hiyo walijua wanachofanya. Wanaotoka ughaibuni nao huja Julai na Agosti, kwa sababu huko shule zimefungwa, na harusi nyingi za pwani hupangwa kuwasubiri. Ukumbi mzuri Mombasa wikendi ya Agosti unawahiwa mapema.

Kama kuna mahali palipoamua kuuza kipupwe kwa jina lake, ni Salalah, kusini mwa Oman. Ni kusi letu hilohilo. Likivuka ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, likagonga milima ya Dhofar na kuifunika kwa ukungu na manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba. Msimu huo wao huuita khareef. Muscat, Dubai na Riyadh joto limepita nyuzi 40, Salalah ni nyuzi ishirini na kitu na milima ni kijani. Familia za Ghuba husafiri hata kilomita 1,000 kwa gari ili wasimame kwenye manyunyu, bila mwavuli, wakicheka. Kando ya barabara wanauziwa madafu, ndizi na mapapai, jioni mishkaki, na nyama iliyochomwa juu ya mawe ya moto. Kuna tamasha la msimu lenye michezo, muziki na masoko. Mtu wa Unguja akifika huko, vibanda vile vitamkumbusha kwao, na huenda muuzaji au mteja wa jirani akamjibu kwa Kiswahili.

Si haki kulinganisha moja kwa moja. Salalah ina bahati ya majirani matajiri wanaokimbia joto, nasi majirani zetu wana baridi ileile. Lakini manyunyu ya Salalah hayana sifa yoyote ambayo manyunyu ya Limuru hayana. Tofauti iko kwenye nauli, likizo za shule za Ghuba zinazoangukia miezi hiyo, na mamlaka zilizoamua mapema kwamba ukungu ni bidhaa.

Afrika Mashariki ilipata jaribio lake Agosti 2025. Mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia Agosti 2 hadi 30. Nairobi ilikuwa kwenye baridi yake ya kawaida, na Kasarani ni uwanja ulio wazi kwa upepo. Shule zilikuwa zimefungwa au ziko mbioni kufungwa. Agosti 10 Kenya, wakiwa wachezaji kumi uwanjani, waliifunga Morocco 1-0, na kuanzia hapo shida ya waandaaji ikawa umati unaosukuma mageti, kiasi kwamba shirikisho la soka la Afrika lilipunguza idadi ya watazamaji wanaoruhusiwa kuingia mechi za Kenya pale. Timu zote tatu za wenyeji zilitolewa robo fainali, na bado kulikuwa na fainali ya kutazama, Morocco wakiishinda Madagascar 3-2. Nje ya mageti, wauza chai, mayai na makoti ya mitumba hawakuwa na haja ya kuita wateja.